Habari za Jiko: Toka Shauri Moyo Hata Ruiru

Msomaji wangu, ukiulizwa habari za uvumbuzi, yamkini mawazo yako yatakimbilia mbali. Utawaza ndege, simu, na vyombo vilivyotumwa mwezini. Ni haki yako kuviwaza vitu hivyo, maana ni vikubwa na vina sifa. Walakini historia ya watu haiandikwi kwa vitu vikubwa peke yake. Huandikwa vilevile kwa chungu, kwa jembe, kwa mtungi wa maji na kwa jiko. Na mara nyingi kitu kidogo kilichotengenezwa vizuri hugusa maisha ya watu wengi kuliko kitu kikubwa kilicho mbali nao.

Katika insha hii nataka kukupa habari za kitu kimoja kidogo, nacho ni jiko la makaa. Safari yake yaanza katika vibanda vya mafundi wa bati mjini Nairobi, yapita Thailand, na yafika katika kiwanda cha Ruiru, njiani kwenda Thika. Ukiifuata kwa makini utaona jinsi shida ya kila siku inavyotatuliwa kwa akili, na jinsi wenye akili wanavyokosea kabla ya kupata.

Wahenga walisema kwamba figa moja haliinjiki chungu. Mafiga hayana budi kuwa matatu, na kila moja libebe sehemu yake ya uzito. Methali hii na iwe kipimo chetu. Uvumbuzi unaodumu una mafiga matatu. La kwanza ni kumjua vyema mwenye shida. La pili ni kujaribu na kurekebisha kazi bila kuchoka. La tatu ni kutafuta njia ya kukifikisha kitu kwa mtu kwa malipo anayoyaweza. Likikosekana moja, chungu huanguka na chakula humwagika, hata kama mafiga mawili yaliyobaki ni ya jiwe gumu.

Kwanza tutazame mahali. Mji wa Thika uko kama kilomita 45 kaskazini mashariki ya Nairobi, karibu na mahali mito ya Chania na Thika inapokutana. Reli ya kutoka Nairobi ilifika hapo mwaka 1913, ikachukua mazao ya mashamba yaliyokuwa yakizunguka mji. Baada ya reli vikafuata viwanda. Kabla ya uhuru Thika ulikuwa na kiwanda kilichotoa dawa ya kutengenezea ngozi katika magome ya miti ya miwati, na kiwanda cha kutia mananasi makoponi. Na mwaka 1958 kikaanzishwa kiwanda cha nguo cha Thika Cloth Mills. Baada ya uhuru vikaongezeka vingine: kiwanda cha kuunganisha magari kilichoanzishwa mwaka 1974, viwanda vya ngozi, vya vyakula, na vya mafuta ya kupikia. Ruiru nao, ulio kati ya Thika na Nairobi, ukakua kwa kahawa, kwa kazi za chuma na kwa nyumba za wafanyakazi, hasa tangu barabara kuu pana ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012.

Yako mambo mawili ya historia ya eneo hili yanayofaa kukumbukwa. Jambo la kwanza ni lile la miwati. Wakulima wa Kikuyu waliipanda miti hiyo kwa wingi wakati wa ukoloni. Magome yalikwenda kiwandani Thika kuwa dawa ya ngozi, na mti uliobaki ulichomwa kuwa makaa, ukauzwa mijini. Hivyo mti mmoja ulilisha kiwanda na jiko kwa pamoja. Jambo la pili ni umeme. Mwanzoni mwa karne ya 20 nguvu za maji ya Mto Ruiru zilitumiwa kuendesha mitambo, na umeme wake ukapelekwa Nairobi kuwasha taa. Basi Ruiru ulitoa umeme kabla ya sehemu nyingi za Afrika Mashariki kuuona. Hata hivyo, zaidi ya miaka 100 baadaye, jua likitua, moshi wa makaa bado hupanda katika nyumba za kupanga za wafanyakazi wa viwanda vilevile. Mtu hushinda mchana kutwa akiendesha mashine ya umeme, na jioni hurudi nyumbani kupuliza makaa.

Usiharakishe kumcheka mtu huyo wala kumhurumia. Yafaa kwanza tumwelewe. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba zote nchini zilipika kwa kuni, na kama nyumba 12 katika kila 100 zilitegemea makaa hasa. Mijini makaa yana sababu zake za kupendwa. Hayatoi moshi mwingi kama kuni. Hununuliwa kwa kiasi chochote, hata kwa kopo moja. Huivisha maharagwe na githeri polepole bila kudai macho ya mpishi kila dakika. Mtungi wa gesi hudai fedha nyingi kwa siku moja, bali kopo la makaa hudai fedha chache kila siku. Mwenye mshahara wa mwezi hununua gunia. Kibarua alipwaye jioni hununua kopo. Lakini makopo yale yakikusanywa, bei yake huishinda bei ya gunia. Ndivyo umaskini ulivyo: humlazimisha mtu kulipa zaidi kwa sababu hana cha kulipa kwa wingi.

Sasa tulitazame jiko lenyewe. Husimuliwa kwamba jiko la bati la duara, lile ambalo watu wa pwani huliita seredani, lilienea bara pamoja na mafundi na vibarua Wahindi waliojenga reli kati ya mwaka 1896 na 1901. Mafundi wa Kiafrika wakajifunza kulitengeneza, wakalitengeneza kwa mabati ya mapipa yaliyokwisha kazi, kwa nyundo, patasi na mkasi. Lilikuwa jiko la bei ndogo, jepesi kubeba, tena kila soko lilikuwa na fundi wake. Lakini lilikuwa na kasoro kubwa ambayo macho hayaioni. Bati hupitisha joto upesi. Makaa yakiwaka ndani yake, kuta zake huwa nyekundu, na joto lililonunuliwa kwa fedha hutoka ubavuni likaenda kuwapasha moto watu, kuta na hewa. Waliopima walikuta kwamba jiko la bati hufikisha chunguni kama sehemu 10 hadi 20 tu katika kila sehemu 100 za joto la makaa. Zilizobaki hupotea.

Ukumbuke pia kwamba makaa yenyewe ni mabaki ya hasara iliyotangulia. Katika tanuri la udongo la kienyeji, mchoma makaa huweza kutumia kilo 5 hadi 10 za kuni apate kilo moja ya makaa. Basi anayechoma makaa hupoteza, na anayepikia makaa hupoteza tena. Na msitu ndio unaolipa hasara zote mbili. Mwezi wa Februari 2018 serikali ya Kenya ilipokataza ukataji wa miti katika misitu ya umma, bei ya makaa ilipanda sana mijini. Amri ile ilikuwa na nia ya kulinda miti na mito, lakini uzito wake ulishuka moja kwa moja juu ya meza ya mtu wa kopo. Hapo twaona kwamba shida ya jiko ni shida ya jamii nzima. Ni shida ya mpishi, ya mlipaji, ya msitu na ya mto.

Habari za marekebisho zaanza hasa karibu na mwaka 1981, Umoja wa Mataifa ulipofanya mkutano mkubwa mjini Nairobi juu ya nguvu mpya na zile zisizokwisha. Bei ya mafuta ya petroli ilikuwa imepanda ulimwenguni katika miaka ya 1970, na wataalamu wakaanza kutambua kwamba kwa wengi wa watu wa Afrika mafuta yanayopungua ni kuni. Wakenya, kwa msaada wa Wizara ya Nishati, mashirika ya hiari yaliyokuwa chini ya chama kilichoitwa KENGO, na wafadhili wa nje, wakatafuta jiko lililo bora. Miongoni mwa waliojulikana sana katika kazi hiyo alikuwa Maxwell Kinyanjui, msanifu Mkenya.

Hawakuanza na kitu kigeni kabisa wala hawakung'ang'ania cha zamani. Walilitazama jiko la Thailand, lililofanana na ndoo ya bati iliyotiwa udongo mzito ndani. Udongo uliochomwa hauachi joto lipite upesi kama bati; hulizuia ndani, likapanda juu kwenye chungu. Wazo lilikuwa jema. Lakini wazo jema likihamishwa nchi bila kuulizwa habari za wenyeji huweza kuwa mzigo. Majiko ya kwanza yaliyofuata mfano ule yalikuwa mazito. Udongo uliojaa toka chini hata juu ulipasuka, au ulibanduka katika bati ukaanguka. Mpishi wa Kenya husonga sima kwa nguvu za mikono yote miwili, na jiko lisilosimama imara humtisha. Chungu kikipinduka, chakula cha siku na ngozi ya mtoto vyote huwa hatarini.

Angalia sasa walivyofanya. Hawakusema kwamba mpishi ajifunze kusonga polepole. Walilibadili jiko. Walilipa umbo jembamba katikati, pana juu na pana chini, ili lisimame imara. Udongo wakauweka katika nusu ya juu tu, mahali makaa yanapokaa, jiko likapungua uzito. Kikombe hicho cha udongo wakakitoboa matundu chini ili majivu yaanguke na hewa ipande, wakakishika na bati kwa mchanganyiko wa saruji. Chini wakaacha mlango mdogo wa kuongeza au kupunguza hewa. Kwa sura, mpishi aliona jiko linalofanana na lile alilolizoea. Kwa kazi, lilikuwa jiko jingine. Lilifikisha chunguni kama sehemu 25 hadi 40 katika 100 za joto, na katika nyumba nyingi likapunguza makaa kwa kati ya sehemu 30 na 50 katika 100. Tena mguso wa ubavu wake haukuunguza upesi kama wa bati tupu.

Jiko hilo wengi hulijua kwa jina la jiko la udongo la Kenya. Sifa yake haikutokana na umbo tu. Ilitokana pia na jinsi lilivyozaliwa. Waliolibuni hawakulifungia katika maabara wala hawakumpa mwenye kiwanda mmoja haki ya kulitengeneza peke yake. Walilipeleka kwa mafundi wa Shauri Moyo, wale tuwaitao mafundi wa jua kali kwa sababu hufanya kazi pasipo paa juu ya vichwa vyao. Fundi wa bati alitengeneza gamba la nje kwa ustadi ule ule aliokuwa nao. Mfinyanzi alitengeneza kikombe cha ndani na kukichoma tanurini. Mchuuzi akaviunganisha na kuuza. Kazi moja ikawa na mikono mitatu, na kila mkono ukapata riziki. Mwanzoni bei ilikuwa juu, na wengi hawakuiweza. Lakini mafundi walipoongezeka na kushindana, bei ikashuka. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 majiko ya namna hiyo zaidi ya 700,000 yalikuwa yakitumika nchini Kenya, na mfano wake ulikuwa umekwisha kuenea Tanzania, Uganda, Rwanda, Sudan na hata nchi za Afrika ya magharibi.

Hata hivyo insha ya historia haifai kuwa wimbo wa sifa. Uhuru wa kila fundi kuliiga jiko ulileta faida ya bei na wingi. Lakini ulileta pia majiko hafifu. Kikombe cha udongo kisichochomwa vya kutosha hupasuka baada ya miezi michache, na mnunuzi sokoni hawezi kukijua kwa macho. Bati likipunguzwa unene ili bei ishuke, jiko huliwa na kutu. Mtu akilaghaiwa mara moja, hulichukia hata jiko lililo jema. Basi figa la pili, yaani kujaribu na kurekebisha, halina mwisho. Kazi ikikoma kurekebishwa huanza kuharibika.

Kanuni hiyo haihusu majiko tu. Hapo hapo Ruiru pana kituo cha utafiti wa kahawa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa wa chulebuni uliharibu mazao ya wakulima wa Kenya vibaya sana. Mwaka 1971 wataalamu wa Ruiru walianza kazi ya kuchanganya mbegu, na mwaka 1985 wakatoa aina iitwayo Ruiru 11, fupi, izaayo mapema, tena iwezayo kuukinza ugonjwa ule. Ilikuwa kazi ya miaka 14, na sifa yake yastahili. Lakini mbegu zake zilihitaji kuchavushwa kwa mkono, ua kwa ua, na hazikuwatosha wakulima waliozitaka. Basi kazi ikaendelea, na mwaka 2010 ikatolewa aina nyingine, Batian, ambayo mbegu zake hutoa mimea iliyofanana na mama yake bila kazi ile ya mkono. Waona, msomaji wangu, kwamba aliyetoa Ruiru 11 hakushindwa, na aliyetoa Batian hakumdharau mwenzake. Wa pili alianzia pale wa kwanza alipoishia.

Turudi jikoni. Katika miaka iliyoanza na 2010, kampuni iitwayo BURN, iliyoanzishwa na Peter Scott, ilianza kulitafakari jiko la makaa upya. Wahandisi wake waliona kwamba udongo, ijapokuwa huzuia joto lisitoroke, wenyewe hunywa joto jingi kabla ya kuwa moto. Mtu anayechemsha chai asubuhi hulipa makaa ya kuupasha udongo kwanza, kisha ya kuipasha chai. Wakatengeneza chumba cha moto cha madini ya chuma yasiyoharibika upesi, chembamba, wakakizungushia sufi ya kuzuia joto, na chini wakaweka kijaluba cha majivu kinachofungika vizuri ili mpishi aitawale hewa. Jiko hilo liliitwa Jikokoa, jina lililofungamanisha jiko na kuokoa. Lilianza kuuzwa mwaka 2013, na mwaka 2014 kampuni ikafungua kiwanda chake Ruiru, ambako wengi wa waliopata kazi walikuwa wanawake. Hivyo eneo lililokuwa likisindika mananasi, ngozi na nguo likaanza kuunda chombo cha jikoni, na baadhi ya waliokiunda wakawa ndio wapishi wenyewe wakirudi nyumbani.

Hapa ndipo tunapofika kwenye figa la tatu, ambalo watu wengi hulisahau. Wachumi wawili, Susanna Berkouwer na Joshua Dean, walilichunguza jiko hilo katika nyumba kama 1,000 za watu wa kipato kidogo mjini Nairobi, wakachapisha matokeo yao mwaka 2022. Walikuta kwamba nyumba iliyolitumia ilipunguza gharama ya makaa kwa kama sehemu 39 katika 100, yaani dola 119 kwa mwaka. Bei ya jiko dukani ilikuwa kama dola 40, takriban shilingi 4,000 za Kenya za wakati ule. Basi jiko lilijilipa lenyewe kwa miezi minne hivi, na yaliyofuata yote yalikuwa faida.

Kwa hesabu ya karatasi, kila mtu angalikimbilia kulinunua. Lakini watu walipoulizwa kwa njia ya kweli, si ya maneno matupu, wangetoa kiasi gani papo hapo, wastani ulikuwa dola 12 tu. Je, watu hao walikuwa wajinga? Hasha. Walikuwa hawana dola 40 mkononi. Mtu anayepata mapato yake kwa siku hawezi kutoa mapato ya siku nyingi kwa mara moja, hata akijua faida iliyo mbele yake; maana kesho mtoto atataka chakula na mwenye nyumba atataka kodi. Wachunguzi walipowapa wengine nafasi ya kulipa kidogo kidogo kwa miezi mitatu, kiasi walichokuwa tayari kulipa kiliongezeka takriban mara 2. Jiko halikubadilishwa hata msumari mmoja. Kilichobadilishwa ni namna ya kulilipia.

Nakuomba ulifikirie jambo hili vizuri. Mhandisi aliweza kupunguza makaa kwa miaka ya kazi ya chuma na moto. Lakini kazi yake yote ingesimama dukani, imefunikwa vumbi, kama asingetokea mwingine wa kufikiri juu ya mfuko wa mnunuzi. Kubuni si kazi ya mwenye nyundo peke yake. Anayepanga namna ya kulipa, anayepanga namna ya kusafirisha, anayefundisha matumizi, na anayerudi baada ya mwaka kuuliza jiko li hali gani, wote ni wabunifu. Mtu wa kopo alikuwa amekwisha tufundisha hayo zamani, kama tungalimtazama: yeye hununua makaa kidogo kidogo kwa sababu maisha yake hulipwa kidogo kidogo. Jiko lililouzwa kwa mtindo wa kopo lilimfikia. Lililouzwa kwa mtindo wa gunia lilimpita.

Sasa yafaa tuulize swali gumu. Je, jiko bora limemaliza shida? La. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, na chanzo kikubwa ni moto wa kupikia. Wachunguzi wale wa Nairobi walirudi baada ya miaka zaidi ya mitatu kuwatazama wenye majiko mapya. Watu walisema kwamba kikohozi na dalili nyingine za kifua zilikuwa zimepungua. Lakini vipimo vya afya, kama vile vya shinikizo la damu, havikuonyesha tofauti iliyo wazi. Sababu moja ni kwamba mpishi akiisha kupika hutoka nje, na nje ya mji hewa yenyewe ni chafu kwa moshi wa magari, takataka na viwanda. Jiko moja haliwezi kuitakasa hewa ya mji mzima. Anayekaa kando ya barabara kuu ya Thika hahitaji kuelezwa habari hiyo.

Tena liko jaribu la kuzidisha sifa. Miradi ya majiko huuza nje hati za hewa ya kaboni, yaani ahadi kwamba moshi fulani haukutoka kwa sababu ya jiko jema. Fedha hizo huweza kupunguza bei ya jiko kwa maskini, na hilo ni jema. Lakini mwaka 2024 wanazuoni wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchunguzi wao wa miradi ya majiko katika nchi mbalimbali, wakasema kwamba kwa wastani miradi waliyoichunguza ilihesabiwa faida kama mara 9 kuliko ile iliyostahili. Si lazima iwe ni wizi; mara nyingi ni hesabu iliyodhani kwamba kila jiko lililouzwa hutumika kila siku na kwamba lile la zamani limetupwa. Ukweli wa jikoni ni mwingine. Mwenye jiko jipya aghalabu hulihifadhi la zamani, na siku ya wageni huwasha yote mawili. Anayehesabu bila kuingia jikoni huhesabu ndoto. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wengine watasema kwamba kutengeneza jiko la makaa ni kupoteza wakati, na kwamba yafaa watu wote wapikie umeme au gesi. Wasemao hivyo wana hoja yenye nguvu. Umeme hautoi moshi nyumbani, na sehemu kubwa ya umeme wa Kenya yatokana na maji, upepo, jua na mvuke wa ardhini. Bila shaka huko ndiko safari inakoelekea. Lakini msafiri aliye njiani huhitaji viatu leo, ijapokuwa kesho atapanda gari. Nyumba inayookoa shilingi elfu kadhaa kwa mwaka kwa jiko bora hupata uwezo wa kufikiri juu ya mtungi wa gesi au jiko la umeme. Tusimzuie mtu kupata nafuu ya leo kwa sababu tumemwahidi raha ya kesho. Wala tusiifanye nafuu ya leo kuwa kisingizio cha kuisahau raha hiyo.

Msomaji wangu, huenda shule yako iko karibu na Thika, Ruiru, au Juja penye chuo kikuu kilichopewa jina la Jomo Kenyatta. Huenda iko mbali, Kigoma au Lamu. Popote ulipo, iko shida ya kila siku inayongoja mtu wa kuitazama kwa staha: maji yanayobebwa kichwani toka mbali, nafaka inayooza ghalani, takataka zinazoziba mifereji, taa inayomwumiza macho mwanafunzi usiku. Usianze kwa kuuliza ni chombo gani kipya unachoweza kuonyesha. Anza kwa kumtazama mtu anayeishi na shida hiyo. Pima kabla ya kusema. Mathalan, kama nyumbani kwenu hupikwa kwa makaa, yapime kwa muda wa juma moja. Andika kila siku yametumika makopo mangapi, yamegharimu kiasi gani, na kimepikwa nini. Muulize mpishi ni jambo gani linalomchosha zaidi, kisha unyamaze umsikilize hata mwisho. Jibu lake pengine halitakuwa lile ulilolitazamia. Huenda asilalamikie makaa, bali majivu, au mlango wa jiko unaomchoma vidole, au mkopeshaji wa dukani.

Ukiisha kulipata jibu hilo, utakuwa umelisimamisha figa la kwanza. La pili litahitaji mikono yako, nalo litakuangusha mara kadhaa, kama udongo wa majiko ya kwanza ulivyobanduka na kuanguka. La tatu litahitaji ujue mfuko wa jirani yako kama unavyoujua wako. Mafundi wa Shauri Moyo hawakuwa na vyeti vingi, na wahandisi wa Ruiru hawakuwa na miujiza. Wote walianza na moto uleule, chungu kilekile, na mtu mmoja aliyekuwa akipoteza fedha zake ubavuni mwa jiko bila kujua. Kazi yao haijakwisha. Waliiacha mahali ambapo mwenye bidii anaweza kuipokea.